Kusawazisha Kazi katika Mstari wa Uunganishaji: Algorithimu, Lengo na Salio la Muda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza tatizo la kusawazisha kazi katika mstari wa uunganishaji viwandani na namna algorithimu zinavyolitatua. Kwa kutumia mfano wa shughuli 11 unaofahamika sana katika taaluma hii, yanaonyesha kwamba data zilezile zinaweza kumwondoa mfanyakazi mmoja mstarini, kuongeza uzalishaji bila kumwondoa yeyote, au kumwachia kila mfanyakazi nafasi ya kupumua. Tofauti hiyo hutokana na lengo ambalo mtafiti amelichagua kabla kompyuta haijaanza kukokotoa. Hoja inayotetewa ni kwamba lengo hilo, pamoja na nyakati za shughuli, vinastahili kuhojiwa na mtahini kwa ukali kuliko algorithimu yenyewe.

1. Asili ya tatizo

Mnamo Aprili 1913, katika kiwanda cha Ford kilichopo Highland Park, jimbo la Michigan nchini Marekani, uunganishaji wa magineto uligawanywa upya. Magineto ni kifaa kilichozalisha umeme wa cheche katika injini za wakati huo. Kabla ya hapo fundi mmoja aliunganisha kifaa kizima kwa takriban dakika 20. Kazi yake ikagawanywa katika shughuli 29, kifaa kikawa kinawapitia wafanyakazi mmoja baada ya mwingine, na muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10. Mwaka 1914 mstari huo uliinuliwa kwa inchi 8, yaani takriban sentimita 20, na muda ukawa dakika 7. Majaribio zaidi kuhusu mwendo wa mstari yaliufikisha dakika 5.

Takwimu hizi, zilizotolewa na Ford mwenyewe, hunukuliwa mara nyingi kama ushahidi wa nguvu ya mgawanyo wa kazi. Zikisomwa kwa makini zinaonyesha jambo la pili. Mgawanyo wenyewe uliokoa dakika 6 na sekunde 50. Kuinua mstari tu, ili watu wasifanye kazi wakiwa wameinama, kuliokoa dakika 6 na sekunde 10. Kwa hiyo muda wa shughuli si sifa ya kudumu kama uzito wa chuma. Hubadilika kufuatana na kimo cha meza, mahali pa vifaa na hali ya mwili wa anayeifanya. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu karibu kila algorithimu inayojadiliwa hapa huuchukulia muda huo kuwa namba isiyobadilika.

Mwaka huohuo wa 1913 kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi Highland Park kilifikia takriban asilimia 370. Maana yake ni kwamba kila nafasi moja ilihitaji karibu watu wanne ndani ya mwaka mmoja. Januari 1914 kampuni ilitangaza ujira wa dola 5 kwa siku na kupunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi saa 8. Mstari uliosawazishwa vizuri kwa saa ya mkononi ulikuwa umeshindwa kuwashikilia waliousimamia.

Hisabati ilichelewa kufika. Kwa miongo minne mistari ilisawazishwa kwa uzoefu wa wasimamizi, karatasi na kifutio. Uchambuzi wa kwanza wa kisayansi unaotambuliwa ni tasnifu ya uzamili ya Benjamin Bryton, iliyowasilishwa katika Chuo Kikuu cha Northwestern mwaka 1954. Mwaka uliofuata M. E. Salveson alilichapisha tatizo hilo katika umbo la kihisabati, na mwaka 1956 J. R. Jackson akatoa utaratibu wa kulikokotoa. Si haba kwamba taaluma yenye maelfu ya kurasa leo ilianzia katika kazi ya mwanafunzi.

2. Umbo la tatizo

Mstari wa uunganishaji ni msururu wa vituo. Bidhaa huingia katika kituo cha kwanza na kutoka katika kituo cha mwisho, na katika kila kituo hukaa kwa muda uleule uitwao muda wa mzunguko. Ikiwa zamu ina dakika 480 na kiwanda kinahitaji bidhaa 48, muda wa mzunguko ni dakika 10. Kazi nzima huvunjwa katika shughuli ndogo ambazo hazigawanyiki tena, kila moja ikiwa na muda wake. Baadhi ya shughuli haziwezi kuanza kabla ya nyingine kukamilika: mshonaji wa shati haambatishi kola kabla ya mabega kuunganishwa. Mahusiano haya huchorwa kwa mishale, na mchoro wake huitwa mchoro wa utangulizi.

Swali ni hili: shughuli zigawanywe vipi katika vituo ili pasiwe na kituo kinachozidi muda wa mzunguko, mishale yote iheshimiwe, na idadi ya vituo iwe ndogo kadiri inavyowezekana? Hilo ndilo umbo la kwanza la tatizo. Umbo la pili huligeuza: idadi ya vituo imekwisha kupangwa, na kinachotafutwa ni muda mfupi kabisa wa mzunguko.

Maelezo ni mepesi, lakini ukokotozi ni mgumu. Tukiiondoa mishale yote, linabaki tatizo la kupakia mizigo ya uzito tofauti katika malori machache iwezekanavyo, nalo linajulikana kuwa miongoni mwa matatizo ambayo hayajapata njia ya haraka yenye uhakika kwa kila hali. Shughuli 11 zisizo na masharti zinaweza kupangwa kwa mifuatano 39,916,800. Mishale hupunguza idadi hiyo sana, lakini mistari halisi huwa na shughuli kwa mamia.

3. Mfano wa shughuli 11

Mfano wa Jackson bado hutumiwa kujaribia algorithimu mpya. Jedwali la 1 linauonyesha, na hapa tunachukulia kwamba nyakati ni dakika.

Jedwali la 1: Shughuli, muda wake na zinazoitangulia moja kwa moja

| Shughuli | Muda | Zinazotangulia |
|---|---|---|
| 1 | 6 | hakuna |
| 2 | 2 | 1 |
| 3 | 5 | 1 |
| 4 | 7 | 1 |
| 5 | 1 | 1 |
| 6 | 2 | 2 |
| 7 | 3 | 3, 4, 5 |
| 8 | 6 | 6 |
| 9 | 5 | 7 |
| 10 | 5 | 8 |
| 11 | 4 | 9, 10 |

Jumla ya kazi ni dakika 46. Kwa mzunguko wa dakika 10 hatuwezi kuwa na vituo pungufu ya 5, kwa kuwa 46 gawanya kwa 10 ni 4.6 na hakuna sehemu ya kituo. Kikomo hiki cha chini hupatikana kwa hesabu ya darasa la msingi, na faida yake ni kubwa: suluhisho lolote lenye vituo 5 litakuwa limethibitika kuwa bora bila hoja nyingine.

Tuanze na mbinu iliyotolewa na Helgeson na Birnie mwaka 1961, ambayo bado hufundishwa kwa sababu ya wepesi wake. Kila shughuli hupewa uzito, yaani muda wake ukijumlishwa na muda wa shughuli zote zinazoitegemea baadaye. Shughuli ya 1 ina uzito wa 46, ya 2 na ya 4 zina 19 kila moja, ya 3 na ya 6 zina 17, ya 8 ina 15, na kuendelea hadi ya 11 yenye 4. Kisha vituo hujazwa kwa kufuata uzito: shughuli nzito inayoenea na ambayo watangulizi wake wamekwisha kupangwa huwekwa kwanza. Matokeo yake ni haya. Kituo cha kwanza kinachukua shughuli 1, 2 na 6 (dakika 10). Cha pili 4 na 5 (8). Cha tatu 3 na 7 (8). Cha nne 8 peke yake (6). Cha tano 9 na 10 (10). Na cha sita 11 (4). Tumepata vituo 6.

Je, vituo 5 vinawezekana? Ndiyo. Kituo cha kwanza kipewe 1 na 2 (dakika 8). Cha pili 5, 6 na 8 (9). Cha tatu 3 na 10 (10). Cha nne 4 na 7 (10). Cha tano 9 na 11 (9). Siri iko katika kuchelewesha. Shughuli ya 4, ambayo kwa uzito ni ya mbele kabisa baada ya ile ya kwanza, inasukumwa hadi kituo cha nne ili ikutane na ya 7, kwani 7 na 3 ni 10 kamili. Shughuli ya 3 nayo inangoja hadi kituo cha tatu ili ikutane na ya 10. Mbinu ya uzito haina subira ya namna hiyo: inaona kilicho mbele yake, inakichukua na kusonga.

Kwa kipimo cha kawaida cha ufanisi, yaani dakika za kazi zikigawanywa kwa dakika zinazolipiwa, mpango wa vituo 6 una asilimia 76.7 na ule wa vituo 5 una asilimia 92. Tofauti kati ya mbinu nyepesi na suluhisho bora ni mtu mmoja.

4. Algorithimu zinazotafuta

Njia zinazotoa uthibitisho, kama vile upangaji wa namba kamili aliouandika E. H. Bowman mwaka 1960 na mbinu za tawi na kikomo, hulivunja tatizo katika matawi na kuyakata yale ambayo kikomo chake cha chini kinaonyesha kwamba hayana tumaini. SALOME, iliyobuniwa na Klein na Scholl katika miaka ya 1990, ni ya aina hiyo. Kwa upande mwingine zipo mbinu za kukisia kwa akili, ambazo haziahidi uthibitisho bali hufika karibu kwa haraka. Arcus alitangulia mwaka 1966 kwa kuzalisha mipango mingi kwa bahati nasibu iliyoelekezwa, kisha kubaki na ule ulio bora. Baadaye zikaja zile zilizoazima mifano kutoka katika maumbile: upozaji wa chuma, ambao hukubali mabadiliko mabaya mwanzoni wakati “joto” lingali juu na kuyakataa kadiri linavyoshuka, sisimizi, ambao huacha harufu katika njia zilizozaa matunda, na algorithimu za kijenetiki.

Hizi za mwisho zinahitaji neno zaidi, maana hupendwa na wanafunzi. Mpango huandikwa kama kromosomu, mipango miwili huchanganywa kuzaa wa tatu, na wenye kasoro hufa. Ugumu uko katika kuandika. Ikiwa kromosomu ni mfuatano wa shughuli, mchanganyiko wa wazazi wawili wazuri unaweza kuzaa mtoto anayevunja mishale, au ambaye makundi yake mazuri yametawanyika. Emanuel Falkenauer alipendekeza kwamba jeni iwe kituo kizima, si shughuli, ili kundi lililofaa lirithiwe likiwa kamili. Pendekezo hilo linaonyesha kwamba mafanikio hutokana na kuielewa kazi inayogawanywa kuliko kuongeza idadi ya vizazi.

Kwa maoni ya mwandishi, tasnifu inayotumia mojawapo ya mbinu hizi kwa mstari wa shughuli 20 au 30 bila kutaja kikomo cha chini haijajibu swali lake. Msomaji anaambiwa kwamba mpango mpya ni bora kuliko wa zamani, lakini haambiwi umebaki umbali gani kutoka mwisho wa njia, wala kwamba kwa ukubwa huo njia yenye uthibitisho ingeweza kujaribiwa kwanza.

5. Salio ni la nani?

Turudi katika jedwali. Tumeona mpango wa vituo 6 uliotokana na mbinu nyepesi na mpango wa vituo 5 uliothibitika kuwa bora. Lakini tukibaki na watu 6 na kuuliza swali la umbo la pili, jibu hubadilika. Kituo cha kwanza kichukue 1, 2 na 5 (dakika 9). Cha pili 4 na 6 (9). Cha tatu 3 na 7 (8). Cha nne 8 (6). Cha tano 9 (5). Cha sita 10 na 11 (9). Sasa mzunguko unaweza kuwa dakika 9, na hauwezi kushuka zaidi kwa watu 6. Zamu ya dakika 480 inatoa bidhaa 53 badala ya 48. Hakuna aliyeondolewa. Kwa upande wa gharama ya ujira, mpango wa watu 5 bado una nafuu: unatoa bidhaa 9.6 kwa kila mfanyakazi katika zamu, ilhali huu unatoa takriban 8.9. Ikiwa wateja wanahitaji bidhaa 48 tu, mwenye kiwanda atavutwa na wa kwanza. Ikiwa wanahitaji 53, ule wa kwanza hautamfaa hata kidogo.

Kuna chaguo la tatu ambalo ni nadra kuandikwa. Mpango huu wa watu 6 uendeshwe kwa mzunguko wa dakika 10. Ufanisi wake ni asilimia 76.7, sawasawa na ule wa mbinu nyepesi tulioukosoa. Hata hivyo, katika ule wa awali kuna wawili waliojazwa dakika 10 kwa 10, na mwenzao wa kituo cha sita ana kazi ya dakika 4 tu. Katika huu hakuna anayevuka dakika 9. Kipimo cha ufanisi kinatoa namba moja kwa hali mbili ambazo mtu aliyesimama mstarini asingeweza kuzichanganya.

Hapa ndipo neno salio linapohitaji kufikiriwa upya. Katika fomula, dakika zinazobaki kituoni ni hasara ya kupunguzwa. Katika kiwanda, ndizo zinazomeza uzi uliokatika, skrubu iliyoanguka na kikohozi. Kituo chenye wastani wa dakika 10 katika mzunguko wa dakika 10 kitachelewa karibu nusu ya mizunguko yote, endapo nyakati zake hutawanyika kwa usawa pande zote mbili za wastani. Katika mpango wetu bora, vituo vya tatu na vya nne vimejaa vyote viwili na vimepakana. Ikiwa ucheleweshaji wa kimoja hauathiri wa kingine, vyote viwili vitamaliza kwa wakati katika robo tu ya mizunguko. Upo mpango mwingine wa vituo 5 unaoweka 1 na 5 katika kituo cha kwanza (dakika 7) na 2, 6 na 8 katika cha pili (10), mengine yakibaki vilevile. Huo una vituo vitatu vilivyojaa kwa mfululizo, na uwezekano wa vyote kumaliza kwa wakati ni moja ya nane. Kwa umbo la kwanza la tatizo mipango hii miwili ni sawa kabisa: vituo 5, asilimia 92. Algorithimu itatoa wowote itakaoukuta kwanza.

Tiba ya kihisabati inajulikana. Miongoni mwa mipango yenye vituo vichache kabisa, uchaguliwe ule ambao jumla ya miraba ya masalio ni ndogo zaidi. Kwa mpango wa kwanza jumla hiyo ni 6, kwa wa pili ni 10. Njia nyingine ni kuweka sharti kwamba kila kituo kimalize kwa wakati kwa uwezekano fulani, tuseme asilimia 95, badala ya kutazama wastani peke yake. Kila sharti la namna hii lina bei, na bei hiyo mara nyingi ni kituo kimoja zaidi.

6. Nyakati na wenye nyakati

Katika viwanda vya mavazi vya ukanda wetu, kama vile vilivyomo katika eneo la Athi River nchini Kenya, mstari huitwa laini na kiwango kinachotakiwa kwa saa huitwa tageti. Kazi hupita kutoka cherehani moja hadi nyingine, na kituo kilichozidiwa hujulikana bila kompyuta, maana mbele yake kuna rundo na baada yake kuna mikono inayongoja. Mhandisi akipima kwa saa, hupata muda wa yule aliyempima, kwa siku hiyo, akiwa anajua kwamba anapimwa. Mshonaji mwenye miaka 10 ya kuambatisha kola na mwenzake aliyeingia mwezi uliopita huandikwa kwa namba moja.

Namba moja kwa watu wawili ni chaguo, wala si lazima ya kihisabati. Mwaka 2007 Miralles na wenzake walichapisha utafiti kutoka Hispania kuhusu vituo vya kazi vinavyoajiri watu wenye ulemavu. Huko muda wa shughuli hauwezi kuwa mmoja: mfanyakazi mmoja huimaliza haraka, mwingine polepole, na mwingine hawezi kuifanya kabisa ingawa anaiweza nyingine vizuri. Safu ya nyakati ikawa jedwali, mistari yake ikiwa watu na nguzo zake zikiwa shughuli. Algorithimu ikatakiwa kupanga mambo mawili kwa pamoja, shughuli katika vituo na watu katika vituo. Lengo halikuwa kupata sababu ya kumwacha aliye polepole, bali kumtafutia mahali ambapo upole wake hauonekani mwishoni mwa mstari.

Umbo hilo ni gumu kukokotoa kuliko lile la Jackson, na linahitaji data ambazo viwanda vingi havizihifadhi. Kwa mtafiti wa laini ya ushonaji maana yake ni kazi ya ziada kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu: kumpima kila mshonaji katika kila shughuli anayoiweza, mara kadhaa, asubuhi na tena saa kumi jioni, na kuandika katika tasnifu mtawanyiko wa vipimo hivyo pamoja na wastani wake. Mtahini akikuta safu moja ya nyakati zenye desimali mbili bila mtawanyiko wowote, ana haki ya kuuliza zilikuwa za nani, na kimo cha meza aliyoifanyia kazi kilikuwa kipi.